Bila Mwanga Hakuna Wanga

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto wote, hata yule wa mwisho ambaye mliniambia amejifunza kupanda juu ya meza na hajajifunza kushuka. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mwambie nimesikia kwamba ameacha yale mazoezi ya daktari kwa sababu eti yanamchosha, na mwambie pia kwamba nimekasirika. Mimi huku sijambo. Kichwa tu ndicho kinachoniuma, na dawa yake haipatikani, maana ugonjwa wenyewe ni darasa la nne.

Najua unasubiri jibu kuhusu wageni. Umeniuliza katika kila barua kama yule fundi umeme niliyekueleza habari zake anakuja kweli na watu wake Jumamosi kuleta posa, au wifi aache kujisumbua na maandalizi. Nitakujibu, kaka. Naomba tu usome mpaka mwisho bila kuruka, kwa sababu jibu lenyewe limepitia kwenye maharage.

Muhula huu tunatakiwa tuwafundishe watoto mmea unahitaji nini ili ukue. Ningeweza kuandika ubaoni maji, hewa, mwanga, udongo, wakanakili, tukaenda zetu nyumbani. Lakini unanijua, sipendi mtoto aamini kitu kwa sababu tu kimeandikwa kwa chaki. Nikakusanya makopo matupu ya maziwa, tukayatoboa chini na kupanda maharage. Kopo la kwanza lilipewa kila kitu na kukaa dirishani. La pili lilikaa dirishani bila maji. La tatu lilipata maji lakini tukalifungia kwenye kabati la vitabu, lisipate mwanga. La nne halikuwa na udongo, ila pamba iliyoloweshwa. Jaribio jepesi kabisa, nilijiambia, haliwezi kuharibika. Nilisahau kwamba ndani yake kuna watoto.

Asubuhi iliyofuata nilikuta maharage yote yamefukuliwa. Walitaka kuona kama yameanza kuota. Nikayafukia, nikawaeleza kwamba mbegu inataka kuachwa itulie, wakaitikia wote kwa pamoja kwamba wameelewa, na kesho yake nikakuta wameyafukua tena, safari hii kuangalia kama yametulia. Kopo lisilotakiwa kupewa maji lilikuwa likinywa kuliko mengine yote. Nilipouliza nani analimwagilia, nusu ya darasa ikanyoosha mikono, na mama anayefagia madarasa akadakia kutoka mlangoni kwamba hata yeye huwa anamimina kidogo, kwa vile linatia huruma. Kabati nalo lilikuwa halifungwi, kila mmoja anataka kuchungulia kama giza bado limo. Nilipandisha sauti mpaka ikakauka. Nikapanda maharage mengine, nikakaa na ufunguo wa kabati shingoni kama mlinzi wa ghala.

Katika vurugu zote hizo kulikuwa na binti mmoja ambaye darasa zima linamwita Kwa Nini, na sababu huna haja ya kuelezwa. Huyu hakufukua wala hakumwagilia. Yeye aliuliza. Aliuliza kama mmea wa kabatini unajua kwamba uko kabatini. Aliuliza lile kopo la pili limekosa nini mpaka linyimwe maji. Aliuliza kwa nini tusifunike jani moja tu, mengine tuyaache, tuone hilo moja litafanya nini. Kaka, mtoto wa namna hiyo haji kila mwaka, na akija unamshika kwa mikono miwili. Analelewa na bibi yake, mwoka mikate anayeuza pale kona ya barabara ya shule, kwa kuwa mama yake anafanya kazi mbali.

Basi nikafika kwenye somo lenyewe. Nikawaeleza kwamba jani ni jiko la mmea: linachukua maji na hewa, na kwa nguvu ya mwanga linapika chakula kiitwacho wanga, ambacho ndicho kilichomo kwenye viazi, mchele na unga. Wasije wakasahau, nikawatungia wimbo, na nikajisifu kimoyomoyo kwa utundu wangu. Bila mwanga hakuna wanga, bila mwanga hakuna wanga! Waliimba mpaka mabati yakaitikia. Kisha nikatoa chupa ya ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia, ayodini, nikadondosha tone juu ya kipande cha kiazi. Kikawa cheusi. Nikadondosha juu ya kipande cha tango, kikabaki vilevile. Nikawaambia popote penye wanga, dawa hii lazima igeuke nyeusi, haidanganyiki. Watoto wakatoka shuleni wakiimba njia nzima, na mimi nikarudi nyumbani nimeridhika, mjinga mimi.

Sikufikiri, kaka. Kichwani mwangu mwanga ulikuwa ule wa jua na taa. Nilisahau kwamba mwanga ni mtu pia, yule mchawi anayezunguka milango ya watu wakiwa wamelala, na wakiwa wengi wanaitwa wanga. Sasa chukua mtoto wa darasa la nne, umpeleke nyumbani akaimbe kwamba bila mwanga hakuna wanga, na aongeze kwamba mwalimu ana dawa ya kuwaumbua. Sarufi yao unaijua ilivyo. Mimi nilisema wanga uko jikoni. Wao wakafikisha nyumbani kwamba wanga wako jikoni. Kosa la silabi moja, ambalo kila siku nalipigia mstari mwekundu kwenye madaftari yao na hakuna anayejali, ndilo lililoniletea mji mzima mlangoni.

Walikuja, kaka, wee! Mama mmoja alitaka kujua kama kweli mtoto wake anakula wanga kila jioni, na kama ni kweli, nani anampikia. Baba mmoja alilalamika kwamba mwanawe ametangaza mezani kuwa jikoni kwao ndiko kwenye wanga wengi kuliko nyumba zote, na tangu hapo mkewe na mama yake hawasemezani. Bwana mwingine, suti safi, alisubiri wenzake waondoke, akarudisha mlango taratibu, akaniomba kwa adabu nyingi nimpunguzie ile dawa kidogo kwa ajili ya jirani yake. Nikamwambia inauzwa duka la dawa, ni ya vidonda. Akanikonyeza kama mtu aliyenielewa vizuri sana.

Mwalimu mkuu akaniita. Huyu ni mtu asiyependa shari. Akisikia ugomvi unakuja, huinuka kwenda kukagua vyoo. Aliniagiza niache kusema mwanga, niseme jua. Nikamuuliza mtihani ukiuliza mwanga, watoto watajibu nini. Akasema mtihani uko mbali na wazazi wako karibu. Na wanga je, niuiteje? Alifikiri muda mrefu, akasema niuite kile kitu cheupe. Nilitoka ofisini kwake nikasimama nyuma ya stoo, nikacheka peke yangu mpaka nikaona ni afadhali nilie.

Lakini aliyenimaliza nguvu ni bibi yake Kwa Nini. Yule binti, kwa kuwa sikumruhusu kufunika jani darasani, alikwenda kufanya jaribio lake nyumbani. Alichukua sufuria kuukuu la bibi yake, akafunika nalo mche wa mboga ulioota karibu na mlango, akaweka na tofali juu. Siku bibi alipolitafuta sufuria lake na kulifunua, alikuta kitu kirefu, chembamba, kimepauka, majani ya manjano, kimejikunja kama kinatafuta pa kutokea. Akauliza nani kafanya hivi. Mtoto akajibu kwa fahari kwamba ni yeye, ameunyima mwanga ili aone kama wanga wataisha, na kwamba kwa mwalimu kuna mwingine kama huo ndani ya kabati. Halafu, ili kumsaidia bibi aelewe, akamwimbia ule wimbo.

Kesho yake Kwa Nini hakuja shule, wala kesho kutwa. Nikaletewa ujumbe kutoka kwa bibi kwamba mjukuu wake hatakaa tena mbele ya mwanamke anayefuga vitu gizani, na kwamba ameshaulizia nafasi katika shule ya ng'ambo ya reli. Shule hiyo naijua. Ni ile ambayo mtoto akiuliza swali anaambiwa anapoteza muda wa wenzake. Darasa langu likawa kimya, kaka. Nilikuwa nimeomba kimya tangu muhula uanze, na nilipokipata sikujua nikifanyie nini. Utaniuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja kwa huyo bibi tukayazungumza kiutu uzima. Nilikuwa na sababu, nitaifikia.

Mwishowe mwalimu mkuu akaitisha mkutano wa wazazi ukumbini. Nikapanga makopo yangu mezani, maana maharage ya safari ile yalikuwa yametii kama yalivyoagizwa: la dirishani limenawiri, lisilo na maji halijaotesha kitu, la kabatini limepauka, la pamba linajikongoja. Nikaeleza mwanga wa sayansi ni upi na wanga wa sayansi ni upi. Nikadondosha dawa kwenye kiazi, kikawa cheusi, nikadondosha kwenye tango, kimya. Watu wakaanza kucheka na kutaniana. Yule bwana wa suti alijiinamia. Nikaona mambo yameisha.

Hapo ndipo bibi aliposimama. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye tanuri, aproni kiunoni. Alisema yeye si mjinga, na habari za mimea kutaka jua alizijua mimi nikiwa bado sijazaliwa. Alichotaka kuelezwa ni kitu kimoja: katika maneno yote yaliyomo duniani, ilikuwaje mwalimu mzima akachagua hayo mawili, akayatungia wimbo, akawapa watoto wadogo wayaimbe barabarani jua likizama? Mtu asiye na lake moyoni, alisema, hawezi kufanya hivyo. Kisha akalitamka lenyewe mbele ya watu wote, kwamba mwanga ni mimi. Mwalimu mkuu akainuka, akasema anakwenda kuangalia tangi la maji.

Mimi, kaka, nikamwomba kwa upole asogee mbele ajionee mwenyewe hiyo dawa. Akasogea, akanyoosha mkono aipokee chupa, na tone likaangukia vidole vyake. Vidole vya mwoka mikate vina unga, na unga ni wanga mtupu. Vikageuka vyeusi papo hapo, mbele ya watu ambao dakika chache tu nyuma nilikuwa nimewaapia kwamba dawa haidanganyiki. Mtoto mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani, jinsi nilivyowazoesha, akapaza sauti: wanga! Watu wa mbele wakasukuma viti nyuma. Bibi akajifuta kwenye aproni, na aproni nayo ina unga, weusi ukazidi kutapakaa. Akautazama mkono wake, akanitazama mimi, akatoka.

Tangu siku ile mikate yake ikawa inalala. Watu walewale waliocheka ukumbini, wenye akili zao na viatu vyao vya kung'arishwa, walivuka barabara wakifika kwenye kona yake. Hakuna aliyesema kwamba anaamini. Kila mmoja alisema siku hiyo hakuwa na hamu ya mkate. Nilikuwa nikipita asubuhi namwona amekaa nyuma ya kapu lililojaa, Kwa Nini kando yake, na hakuna hata mmoja wao anayenitazama.

Sasa kaa chini, kaka, kama umesimama. Bibi yule ndiye mama mzazi wa fundi umeme. Kwa Nini ni mpwa wake. Mwenyewe aliniomba nisijitambulishe kwao mpaka amwambie mama yake kwamba amepata mchumba na mchumba ni nani, na ingawa Jumamosi ya posa alishaipanga mwenyewe, kila wiki alikuwa akisema wiki ijayo. Mwanaume anayepanda nguzo za umeme mvua ikinyesha, lakini kumwambia mama yake jina la mwanamke kunamtoa jasho! Ndiyo maana sikwenda kwa bibi mapema. Yeye hakujua mimi ni nani. Mimi nilijua fika yeye ni nani.

Na lile tone halikuanguka. Nililiangusha. Niliuona unga kwenye vidole vyake tangu aliposimama, na nilijua utafanya nini ukikutana na dawa, kwa sababu ndilo somo langu. Nilikuwa nimechoka na kila mtu, nimechoka na mkuu na vyoo vyake, nimechoka na suti na mikonyezo, na huyu mama akaja kuniita mwanga mbele ya watu, mtu niliyekuwa nikifanya mazoezi chumbani ya namna ya kumwamkia. Nilitaka aonje. Kwa dakika moja nilifurahi, kaka, siwezi kukuficha. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa akijifuta.

Nilimweleza mwanawe ukweli wote. Hakunifokea. Aliniuliza tu kwamba baada ya hapo nilikuwa nimepanga kumwita mama kwa mdomo upi. Bado ninaona haya nikilikumbuka swali hilo.

Juzi, mchana kweupe, nikaenda kwenye kona yake na chupa yangu. Sikuwaita watoto, lakini darasa la nne huwa haliitwi, lilikuwa nyuma yangu lote. Nikamwamkia bibi, akaitikia akiwa anatazama upande wa pili. Nikamwomba unga kidogo, akaendelea kupanga mikate yake. Kwa Nini akainuka mwenyewe, akaniletea unga kwenye kifuniko cha sufuria. Nikajipaka mikono yote miwili, nikasema kwa sauti waliopo barabarani wasikie kwamba kilichogeuka cheusi siku ile ni unga na si mtu, na kwamba aliyemmwagia dawa ni mimi, kwa kusudi, kwa hasira, na kwamba mama huyu hana kosa lolote zaidi ya kufanya kazi yake. Kisha nikajimiminia ayodini mpaka mikono ikawa myeusi kama ya mchoma mkaa.

Watoto nao wakataka. Ungewaona wakipanga foleni kwa utulivu ambao sijawahi kuuona darasani! Walipaka unga, wakapaka dawa, wakapaka sare zao za shule, na kwa hilo wazazi watarudi tena mlangoni kwangu, lakini shauri yao. Mama mmoja mpita njia akatoa kidole chake naye, akacheka, akachukua mkate. Mwingine akafuata. Bibi aliyatazama yote hayo. Mwisho akasema namharibia unga. Kisha akaivua ile aproni yake yenye doa, akanikabidhi nikaifue. Nimeisugua kwa ndimu na sabuni mpaka vidole vikachubuka. Imetakata.

Jana Kwa Nini alirudi darasani. Alikaa mahali pake, akasubiri nimalize kuita majina, akaniuliza kama ipo dawa ya kumwonyesha mtu aliyefanya kitu kwa kusudi. Nikamwambia hakuna, mpaka mwenyewe aseme.

Jioni ile ya juzi fundi alipata ujasiri hatimaye, akamweleza mama yake mimi ni nani. Anasema mama yake alimaliza chai yake, kisha akasema sasa atakuja kwenu yeye mwenyewe, na atakaa mbele ya wenzake. Hivyo jibu lako ni hili: Jumamosi wanakuja. Ila amesema wazi kwamba kabla ya posa ana mashtaka, na atayaleta kwako, kwa kuwa baba hayupo na wewe ndiye mkubwa wangu. Anataka kujua ni nyumba gani iliyomlea binti anayeweza kumfanyia mama mtu mzima vile mbele za watu.

Ninachokuomba, kaka, ni kitu kigumu kwako. Usinitetee. Najua utakavyokuwa umekaa kwenye kile kiti, mishipa ya shingo imekusimama, na akianza kunisema utataka kumkatiza. Usimkatize. Kama atalirudia lile jina aliloniita, mwache alirudie. Mama naye mwambie anyamaze, hata kama itabidi wifi amkalie karibu. Akimaliza, mwambie kwamba ni kweli, tulimkosea, na useme tulikukosea, usiseme alikukosea. Sijui atajibu nini. Mwanawe hajui. Anaweza kuinuka na watu wake wakaondoka bila kugusa hata maji, na hapo hatutakuwa na la kufanya. Mimi nitakuwa chumba cha pili nasubiri kuitwa, na nampenda sana huyu mtu, kaka, sijawahi kukuandikia neno hilo lakini ndivyo ilivyo.

Msalimie wifi, mwambie nitafika Ijumaa jioni nimsaidie kazi. Watoto wabusu wote kwa niaba ya shangazi yao. Mama mpe mkono wangu, na kuhusu haya mengine mweleze wewe, kwa maneno yako, akiwa ameshakula.

Mdogo wako akupendaye,

Pilipili